Rani, Mbwa wa Kijapani

Jumatatu, tarehe 18 Novemba 1991, kulikuwa na ukungu na manyunyu. Katika basi la Thamesmead, nesi Serah alikuwa akimwombea mgonjwa wake kimoyomoyo, Kiswahili cha nyuma yake kikamkatiza. Singasinga mmoja, Surjit, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa akimsimulia Kamande, abiria mwenzake, habari za mbwa wake Rani.

“Ni Tosa, ndugu yangu. Wajapani walichanganya mbwa wao na majibwa ya Ulaya. Hapa kwa Waingereza wako wachache mno. Azae mara moja tu, ndipo nimfunge kizazi.”

“Mzee, sheria mpya ya mbwa wakali imekupa mpaka mwisho wa mwezi uwe umemfunga kizazi, na mimba ya mbwa ni miezi miwili. Polisi wakimkuta hajafungwa, watamuua.”

“Na mbegu yake ipotee?”

“Japani ipo, mzee. Haijazama.”

Surjit hakucheka. Serah alitambua kwamba sasa anamwombea mbwa, akaona haya kidogo.

Basi liliposimama, Surjit aliinuka, akasema kwa sauti, ingawa ni wawili tu waliomwelewa: “Mashahidi ni nyinyi. Kesho nampeleka kwa daktari. Rani hatazaa, lakini ataishi.”