Dkt. Efraimu Barnaba Mtafya, 1958–2014: Dawa Aliyomwahidi Mdogo Wake

Wachungaji, wazee wa Mbebe, wageni mliotoka Tunduma na Mbozi, na ninyi nyote mliotushika mkono tangu Ijumaa: mimi ni Mwalimu Anna Mtafya, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Niliiambia kamati kwamba nitalia. Wakaniambia, lia, lakini soma. Basi nasoma.

Marehemu Dkt. Efraimu Barnaba Mtafya alizaliwa tarehe 2 Juni 1958 hapa hapa Mbebe, Wilaya ya Ileje, mtoto wa kwanza wa Mzee Barnaba na Mama Raheli, ambao wote wametangulia. Tulizaliwa watatu: yeye, mimi, na mdogo wetu Tuntufye. Tulikula sahani moja, tukalala chumba kimoja, na nguruwe wa baba walizurura mpaka mlangoni kama kuku. Efraimu alikuwa mtoto mpole lakini mbishi. Ukimwambia jambo haliwezekani, umemchokoza.

Alianza shule ya msingi hapa Mbebe mwaka 1966, akasoma sekondari Mbeya mjini, kisha akajiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Yeye akiwa huko jeshini, mwezi Agosti 1979, Tuntufye huku nyumbani alianguka kifafa kwa mara ya kwanza, na alianguka kwenye mafiga. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa mtoni. Majirani walikuwepo, walisimama mlangoni wakipiga yowe, ila hakuna aliyemvuta, kwa sababu kwetu husemwa kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe utaanguka. Mama aliporudi, mkono wa kushoto wa mwanawe ulikuwa umekwisha kuungua. Efraimu alipokuja likizo akauona mkono ule, akatoka nje, akakaa kwenye kinu muda mrefu. Kisha akaingia akasema, "Mama, dawa ya huyu nitaileta mimi." Mama akamjibu, "Maliza shule kwanza, baba. Dawa haiokotwi."

Mwaka 1980 aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea kemia, akahitimu 1983. Toka 1987 hadi 1992 alikuwa Sweden, akapata shahada ya uzamivu ya biokemia. Huko ndiko alikojua adui wa Tuntufye ni nani. Hakuwa pepo, wala jirani mwenye jicho baya. Ni tegu, mnyoo wa nguruwe, ambaye mayai yake hupita kwenye mikono na mboga zisizooshwa, yakageuka punje nyeupe ndani ya ubongo. Alirudi nyumbani mbio mbio kumwambia baba ajenge banda. Baba akamtazama, akasema, "Miaka yote hiyo Ulaya, unarudi kunifundisha kufuga nguruwe?" Lakini banda alijenga.

Mwaka 1993 alianza kazi kwenye maabara ya utafiti Mbeya, na hapo ndipo alipoumaliza ujana wake. Dawa za kuua punje zilikuwepo tayari, lakini zinaziua kwa kishindo, na ubongo unavimba. Tuntufye alipewa mwaka 1995, akalala wiki nzima hajitambui, tukaanza kunong'ona habari za jeneza. Efraimu akaapa kutafuta dawa ya polepole. Fani yake iliitwa vizuizi vya vimeng'enya, na sisi wa nyumbani hatukuelewa kitu, mpaka siku alipomweleza mama jikoni: "Mdudu huyu naye ana mashine yake ya kusaga chakula, ndogo sana. Mimi natafuta kokoto la kuikwamisha. Asage asiweze, afe njaa taratibu, bila fujo." Mama akafikiri, akauliza, "Sasa Tuntufye atameza kokoto?" Efraimu alicheka mpaka machozi. Tangu siku ile kila dawa aliyoijaribu aliiita kokoto.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yetu Priska, binti wa Itaka, mfanyabiashara wa Tunduma. Mungu akawapa watoto wawili, Lusungu na Yesaya. Serikali ilikuwa imepunguza fedha za utafiti na kila mtafiti aliambiwa ajitafutie mfadhili. Kwa hiyo umeme wa maabara ulipokatika, dawa za mume zililala kwenye friji ya duka la mke, katikati ya soda. Shemeji alikuwa anawaambia wateja, "Hiyo chupa ndogo usiiguse, hiyo ni ya wifi yangu Tuntufye."

Alijaribu makokoto mengi, yakagoma. Mwaka 2003 likapatikana moja. Ndani ya vyombo vya kioo, punje zilizowekewa dawa hiyo zilinywea pole pole mpaka zikafa. Kaka yangu alinipigia simu usiku ule ule. Ikabaki kujaribu kwa nguruwe.

Januari 2006 jaribio lilianza Hasamba, Wilaya ya Mbozi, kwenye banda la Mzee Yonathani, mtu mwaminifu sana. Nguruwe wote walipimwa damu wakaonekana wana ugonjwa, ingawa kipimo hicho mara nyingine hukosea. Nusu walivalishwa kipini cha buluu sikioni na kupewa dawa, nusu kipini chekundu, hao hawakupewa. Wangechinjwa Oktoba, nyama ichunguzwe, ijulikane. Julai Mzee Yonathani akafariki ghafla. Ndugu zake wakafanya lile ambalo kila mmoja wetu hapa angelifanya. Msiba umejaa watu, banda limejaa nguruwe. Wakachinja wote.

Efraimu alifika sufuria zikiwa motoni. Akamuuliza mpishi, "Nyama ilikuwaje?" Mpishi akajibu kwa furaha, "Safi kabisa, Daktari! Kuna waliokuwa na punje, tukawatupa, lakini wengine weupe kama theluji, hata punje moja hakuna!" Akauliza, "Hao safi walikuwa na kipini rangi gani?" Mpishi akashangaa. Vichwa vilikwisha kubanikwa, masikio yameliwa, vipini viko kwenye majivu vimeyeyuka. Mungu wangu! Dawa ilikuwa imefanya kazi, au haikufanya, na jibu lilikuwa ndani ya sufuria ile. Kaka yangu akakaa chini kati ya waombolezaji akalia kwa sauti. Watu wa Hasamba mpaka leo wanamsifu kwamba alimpenda sana Mzee Yonathani. Ni kweli alimpenda. Alibaki pale wiki mbili, akipita nyumba kwa nyumba kuangalia kama kuna aliyedhurika kwa nyama ile. Hakuna aliyedhurika, na hakumlaumu mtu.

Wafadhili hawakusubiri. Mwaka 2007 walifunga mradi. Aligonga milango kila mahali, akaambiwa ugonjwa huu ni wa watu wachache, tena wa vijijini. Wachache! Waje wahesabu Ileje. Akarudi kufundisha. Ile dawa haikujaribiwa tena, na mimi sitawadanganya mbele ya jeneza: imekufa kabla yake. Miaka ile hakuwa Efraimu tuliyemzoea. Ukimtajia maabara, anainuka anatoka nje.

Mwaka 2011 alianguka akiwa darasani. Kipimo cha Dar es Salaam kikaonyesha punje tatu kichwani. Alinipigia. "Anna, na mimi ninazo. Sahani yetu ilikuwa moja." Nikalia. Akaniambia ninyamaze, kwamba vidonge vya kutuliza kifafa bado vipo. Vidonge hivyo hivyo alivyotumia Tuntufye, ambavyo kwenye zahanati mwezi mmoja vipo, miezi miwili havipo.

Ijumaa tarehe 14 Machi 2014 alikwenda Tunduma kumnunulia Tuntufye vidonge. Mchana, kando ya foleni ya malori, alianguka kifudifudi kwenye mtaro wenye maji. Bi Fatu, mama lishe wa pale, yuko hapa nasi leo. Amenieleza hivi: "Watu walijaa, Mwalimu. Kila mtu anasema mwache, mwache, povu hilo. Nilikuwa ng'ambo, malori yamenizuia. Nilipofika nikamgeuza, lakini alikuwa ameshakwenda." Maji yale hayakufika kwenye kifundo cha mguu. Vidonge vya Tuntufye vilikuwa mfukoni, vikavu. Bi Fatu, wewe uliyemgusa, Mungu akubariki.

Marehemu ameacha mjane, Priska. Watoto, Lusungu na Yesaya. Na sisi dada zake, Anna na Tuntufye.

Kamati imempangia Tuntufye benchi la nyuma, peke yake, kwa kuwa leo anaweza kuanguka. Kamati nimeikubalia mengi. Hili nimekataa. Atakaa mbele, kati yangu na shemeji Priska, na udongo atatupa kama sisi. Akianguka, msikimbie. Mlazeni ubavu, mfungueni kola, mfuteni lile povu, mkae naye mpaka aamke. Haiambukizi, aliyewaambia haya kwa miaka ishirini ndiye mnayemzika. Hana kokoto la kumwachia mdogo wake. Amemwacha kwenu.

Kaka yetu Efraimu, pumzika kwa amani ya Bwana.