Diski Mbili za Mwalimu Janeffer

Benchi letu hapa Sotik liko nje ya duka la Naftaly, fundi wa redio tunayemwita Profesa. Tunakunywa kahawa kwa ukaidi tu, maana huku kila mtu anatarajia unywe chai. Jumamosi moja ya mwaka 1996, Mwalimu Janeffer alikuja na diski mbili. Kila moja ilikuwa na programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, naye alitaka kuwatengenezea watoto wa darasa la tatu mchezo wa hesabu. Kompyuta ya shule ilikuwa na nafasi ya programu moja, na mwenye diski alikuwa anarudi nazo Nairobi saa kumi. Watoto wawili wa darasa hilo walikuwa wameshaacha shule kwa kuogopa hesabu, wakaenda kuchuma chai.

— Hii ya kwanza, akasema Janeffer, naandika kila kitu mwenyewe, mstari kwa mstari. Itanimalizia term nzima. Hii ya pili napanga picha tu, siku mbili nimemaliza. Lakini picha zake ni matofaa na theluji.

— Chukua ya kuandika, akasema Profesa. Kitu hukujenga mwenyewe, kikiharibika utakifungulia wapi?

— Wewe unataka vitu viharibike ndio upate kazi, akasema Johana, ambaye tunamwita Director kwa sababu ana ng'ombe mmoja. Mwalimu, chukua ya picha. Mtoto ni kama ndama, anafuata kile anaona.

— Na theluji ameona wapi? akauliza Profesa.

— Ataiona. Ikifika mwaka elfu mbili, hawa watoto watakaa mbali kule Chepseon wakichuma chai ya Sotik kwa kompyuta. Mvua ikinyesha, hakuna wa kulowa.

— Kilo za chai atapima nani?

— Kompyuta.

— Hapo sasa tumekwisha, akasema Profesa. Karani wa mizani angalau unaweza kumwangalia machoni.

Phelis, mama ya mmoja wa wale watoto wawili, alikuwa amekuja kuchukua redio yake. Alisimama na kikapu mgongoni.

— Samahani, mwalimu. Mtoto akikosa jibu, hiyo michezo inamwambia nini?

Director akasogea ili mama akae.

— Nimecheza michezo ya mfano kwa diski zote mbili, Janeffer akasema polepole. Lakini nilikuwa napata majibu yote.

— Wangu alikosa, darasa ikacheka. Hakurudi.

Janeffer akatazama saa. Ilikuwa saa nane na nusu. Akachukua zile diski mbili, akamwomba Phelis waende wote shuleni, wakakosee pamoja.