Mchoro Ambao Mwalimu Hakuupenda

Mpendwa wetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Tazama, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga.

Alihitimu ualimu wa sanaa mwaka 1974, akafundisha katika shule moja ya wasichana hadi alipostaafu mwaka 2011. Jina hilo alipewa kwa sababu darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kusema anapenda au hapendi kabla hajaeleza anachokiona. Mchoro ambao yeye mwenyewe hakuupenda aliuandalia somo mara mbili.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake wa historia, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1993 wazazi walidai mchoro mkubwa wa ukumbi wa shule uondolewe: wanawake kwenye foleni ya maji, nyuso zao hazina macho. Mchoraji alikuwa mdogo wa mkewe. Maneno yakaenea kwamba Mwalimu anaendekeza undugu, na wengine wakataka aachishwe kazi. Nyumbani kila mtu alijua kwamba kazi za shemeji huyo hazikuwahi kupata msumari ukutani.

Mkutanoni, mwenyekiti wa wazazi alimwuliza mbele ya watu kama angeutetea mchoro wa mtu baki.

“Mchoro huu siupendi,” alijibu. “Shemeji nimeshamwambia, mezani kwangu, akaendelea kula. Lakini kutopenda kwangu si somo. Geuzeni viti, tuutazame.”

Akawafundisha kama darasa. Aliwakataza kugusia nyuso, akawauliza kila mkono umeshika nini. Mwenyekiti ndiye aliyeona kwanza.

“Kumbe kila mmoja amebeba ndoo ya mwenzake. Rangi ya ndoo ni ya nguo ya jirani.” Akamgeukia Mwalimu. “Bado ni mbaya, Mwalimu. Lakini uacheni hapo hapo.”

“Hata kwangu bado ni mbaya,” akasema Mwalimu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mchoro haukuondoka, wala yeye. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kusema kwamba familia hii inapendeleana.

Mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 2 Juni mwaka huu, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe, wajukuu wanne, na shemeji yake mchoraji, ambaye baada ya mkutano ule alimletea kila mchoro mpya kabla haujakauka, maana kwingine angeambulia sifa tu.

Mwalimu wetu apumzike kwa amani. Jina lake ametuachia safi, nasi tutalitunza.