Ukurasa wa Wazazi: Maisha ya Mama Kopi (1971–2025)

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kopi, alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa mzee dobi na mkewe. Kadi ya kliniki inasema ilikuwa Ijumaa, tarehe 12 Machi 1971. Mama yetu, hadi anafumba macho, alishikilia kuwa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu baba hakuwasha pasi siku hiyo, na siku yake ya kupumzika ilikuwa Jumamosi. Tumefuata kadi, lakini neno la mama nalo halistahili kupotea.

Alianza shule ya msingi Januari 1978, na Novemba 1989 akawa mtu wa kwanza katika ukoo wetu, kuumeni na kukeni, kumaliza sekondari. Mwaka uliofuata aliomba nafasi katika chuo kilichokuwa kikichukua waombaji sita katika kila mia. Akachaguliwa. Barua ilisomwa kwa sauti mara nne, ya mwisho kwa ajili ya jirani ambaye masikio yalikuwa yamemchoka. Ada ilitupita kimo, lakini chuo kilitoa msaada wa masomo kwa wasio na uwezo, na fomu ya msaada ilikuwa na ukurasa mmoja wa kujazwa na mzazi: kazi yake, kipato chake, wanaomtegemea. Baba, ambaye hakuwahi kumpotezea mtu hata kifungo cha shati, alitia sahihi chini na kuuacha ukurasa wote wazi.

"Nyumba husitiri mambo," alisema. "Siwezi kumvulia nguo karani nisiyemjua."

Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuwa hilo ni kosa. Tungelijulia wapi? Jibu la tarehe 3 Septemba 1990 lipo: ombi halikushughulikiwa, fomu haikukamilika. Nafasi yake akapewa mwingine.

Miaka kumi na mitatu baadaye, baba akiwa mgonjwa kitandani, alimuuliza dada: "Kwani, mwanangu, wangenicheka?" Akamjibu: "Hapana, baba. Wangetusaidia." Maneno hayo aliyasimulia mara moja tu, mwaka 2011, na kwanza akamwomba mdogo wake, anayekusanya historia za familia, azime kinasa sauti. Kabla hajaanza akasema kiwashwe tena, yasije yakapotea.

Tarehe 2 Mei 1994 aliajiriwa katika duka la fotokopi linalotazamana na geti la chuo kilekile, na Agosti 2001 akalinunua. Ni chumba cha hatua nne kwa tano: mashine karibu na dirisha, kaunta iliyolika kwa viwiko vya watu, na stepla iliyofungwa kwa kamba, kwa kuwa wasomi, alisema, ni watu wazuri lakini hawana dini kwenye stepla. Kwa miaka thelathini na mmoja alilitazama geti hilo na hakulivuka hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kutoa kopi. Kazi aliyojitwika ilikuwa kuisoma kila fomu kabla ya kuilaza juu ya kioo.

"Mama, nina haraka, toa kopi tu."

"Haraka yako haijajaza ukurasa wa tatu, mwanangu."

"Pale wanauliza habari za baba, na mimi baba simjui."

"Basi andika humjui. Karani si mganga, hatakupigia ramli."

Na waliokuja bila fomu hawakumponyoka. Binti wa muuza mkaa alifika kutoa kopi ya kitambulisho tu. "Fomu yako ya chuo iko wapi?" aliulizwa. Binti akacheka: "Mama Kopi, kule ni kwa wenyewe." "Wenyewe ndio akina nani? Ngoja wakukatae wao, usiwasaidie kukukataa." Binti huyo leo ni mhandisi wa maji.

Hakumdanganya mtu kuwa njia ni nyepesi. Katika daftari lake lenye jalada jeusi mna majina 212 ya vijana waliokuwa wa kwanza kwao kuomba. Mbele ya majina 61 ameandika "ameingia". Mbele ya yaliyobaki hakuandika popote "ameshindwa". Aliandika "bado".

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 2002, na fundi wa mashine za fotokopi. Fundi alikuwa amekuja dukani mara tatu katika wiki moja, hadi akaulizwa mbele ya wateja: "Fundi, mashine hii ni nzima tangu juzi. Anayeumwa ni nani?" Mwaka 2006 walijaliwa binti wao wa pekee.

Februari 2025 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Tarehe 16 Mei binti yake alipata barua: amechaguliwa, katika chuo kilekile. Mama aliisoma mwenyewe wodini, kitanda namba tisa, akairudia tarehe mara mbili. Ikabaki fomu ya msaada, ambayo mwisho wa kuipokea ni kesho, Ijumaa, tarehe 13 Juni. Bila msaada huo, barua ile ni karatasi tu. Akiwa hawezi tena kuketi, alikagua kila mstari kwa penseli, isipokuwa ukurasa wa wazazi.

"Huo tutaujaza siku ya kupeleka."

"Lakini, mama, si ulisema nafasi haiachwi wazi?"

"Huo nimeuruhusu mimi."

Mstari wa kwanza wa ukurasa huo unauliza kama mama yu hai au amefariki. Katika miaka yote ya kazi yake, hatujui ukurasa mwingine aliouruhusu ubaki wazi.

Juzi, Jumanne, mdogo wake yule wa kinasa sauti, aliyeandika wasifu huu, alipeleka rasimu dukani ili itolewe kopi. Binti aliisoma yote kabla ya kuilaza juu ya kioo, kama alivyofundishwa.

"Mjomba, hapa umeacha wazi. Tarehe ya kufariki."

Mjomba wake, ambaye amezitafutia tarehe familia za watu maisha yake yote, alimgeukia. "Na wewe, ukurasa wa wazazi?" aliuliza. Binti akatikisa kichwa. Wakakaa kwenye kaunta ile, kalamu moja, wakapokezana.

Mama Kopi alifariki Jumapili, tarehe 8 Juni 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka 54, miezi miwili na siku 27.

Jana saa nane mchana binti alivuka barabara, akaingia getini na kuikabidhi fomu. Karani aliigeuza kurasa zote, akagonga muhuri.

Ameacha mume, wadogo watatu, wapwa saba, na binti mmoja, ambaye jina lake ni la 213 katika daftari jeusi, kwa mwandiko wa mama yake uliokwisha kuanza kutetemeka. Mbele yake pameandikwa "bado".

Lala kwa amani, dada. Tumejaza kila mstari.