Turudishieni Dada Swali

Mgeni rasmi,

Karibu hospitalini kwetu. Risala iliyoandaliwa na ofisi tumeiacha mezani. Ilijaa shukrani tusizokuwa nazo. Hii ni yetu, wagonjwa wa kliniki ya afya ya akili.

Tulikotoka

Tulifika hapa tumechoka kuambiwa, "Acha kudeka, piga moyo konde." Mshauri wetu, tuliyempachika jina la Dada Swali, hakusema hivyo. Alitufundisha kulikamata wazo linalotutisha, kulihoji, kisha kulipima kwa vitendo, kidogo kidogo.

Tulichopata

Mwenzetu Mama Sufuria ni mpishi wa shule. Gesi ilimlipukia; ngozi ikapona, hofu ikabaki. Jiko akawa halisogelei.

"Wazo linasemaje, mama?" Dada Swali alimuuliza.

"Nikiwasha, tutaungua sote."

"Na wifi yako anayewasha kila siku?"

"Ana bahati huyo."

"Bahati ya asubuhi na jioni, mama?"

Tukacheka, naye akacheka. Wiki ile alishika kiberiti. Baadaye akawasha mshumaa. Hatimaye akachemsha maji mwenyewe, machozi yanamtoka.

Kilichotusibu

Ndipo uongozi ukamhamishia Dada Swali mapokezi, chumba chake kikajazwa viti vibovu na kufungwa. Sisi tukapewa programu ya simu itushauri badala yake. Siku moja, jikoni, hofu ikamrudia Mama Sufuria. Akaiandikia simu: "Moyo unanienda mbio, nakufa." Ikamjibu: "Hongera kwa kutumia programu yetu! Umepata nyota tatu."

Alikimbia, akajifungia chumbani. Hata uji wa wanawe akashindwa kupika.

Mgeni rasmi, nyota haimshiki mtu mkono!

Dada Swali alipopata habari, alimfuata nyumbani saa yake ya chakula, wakaanza upya na kiberiti. Kwa hilo amepewa barua ya onyo. Anayetibu anaonywa, aliyefunga chumba ameketi hapo kushoto kwako.

Tunachotaka

Hatuombi, tunadai. Onyo lifutwe. Chumba kifunguliwe. Simu iwe msaidizi, isijifanye mganga. Na usituambie "tutalifanyia kazi"; wimbo huo tunaujua mpaka kiitikio.

Mwenyezi Mungu akubariki, ailinde familia yako, na asikupe usingizi mpaka Dada Swali arudi kwenye kiti chake.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Chumba Kilichofungwa