Zamurad wa Ngoma ya Kungoja

Ndugu wa ukoo, majirani wa mtaa huu wa wapiga pamba, na wenzetu wa kazi mliotoka Bahawalpur na Lodhran, poleni sana kwa msiba. Kabla sanda haijafungwa tumeona isomwe historia ya marehemu, maana tangu asubuhi kuna neno kati ya kaka yake, Mzee Rab Nawaz, na sisi wa nyumba yake hapa Multan, kwamba azikwe kwa nguo tatu kama mwanamume au kwa nguo tano kama mwanamke, na si haki neno hilo lipite bila ninyi kujua alikuwa nani.

Marehemu Zamurad alizaliwa tarehe 9 Novemba 1966 katika kijiji cha Lalwah, ng'ambo ya mto Satlaj, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Haq Nawaz, mkulima wa pamba, na mkewe Bi. Sardar, akapewa jina la Shah Nawaz.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1972, akasoma vizuri hadi darasa la tano. Mwaka 1978, katika harusi ya binti wa ami yake, alicheza uani pamoja na wanawake, mama yake mwenyewe akimpigia makofi, hadi baba alipoingia na kunyamazisha kinanda, na tangu siku hiyo hakurudi shule wala hakuruhusiwa kuonekana na wageni. Mwezi Machi 1980 khwajasira wa Multan, watu tusiohesabiwa wanaume wala wanawake, walikuja kijijini kumwombea dua mtoto mchanga, kwa ngoma na nyimbo kama ilivyo kazi yetu, naye akaondoka nao, mama yake akimsindikiza hadi kwenye mfereji na kumwambia, "Nenda mwanangu, usigeuke nyuma, baba yako yuko shambani." Bi. Sardar alifariki mwaka 1991, na habari ilimfikia marehemu watu wakiwa wameshatoka makaburini.

Huku mjini alipokelewa na Guru Chameli, mlezi na mkuu wa nyumba hii, aliyempa jina la Zamurad na kumfundisha kucheza, akamfunga njuga nzito kuliko za wenzake ili ajifunze kukanyaga taratibu. Alifanya kazi kwenye harusi, kwenye nyumba zenye watoto wachanga na kwenye sikukuu za mawalii, na mwaka 1998, Guru Chameli alipofariki, akakabidhiwa nyumba hii.

Kwa upande wa ndoa, marehemu hakufungishwa ndoa na mtu yeyote, lakini wote mliopo mnamkumbuka Ustadh Bagh Ali, mpiga ngoma ya dholak. Walikutana tarehe 17 Oktoba 1987 kwenye harusi moja huko Lodhran, ambako Ustadh alichelewesha pigo na marehemu akasimama katikati ya watu, mkono kiunoni, akamuuliza, "We kaka, hiyo ngoma unaipiga au unaipapasa?" naye akajibu bila kuinua kichwa, "Naibembeleza, bibiye, imeshtushwa na sauti yako," bwana harusi mwenyewe akacheka hadi kilemba kikamwanguka. Tangu hapo hawakuachana, ingawa Ustadh alikuwa na mke na watoto Shujabad na kila Ijumaa alikwenda kwao, wala lile pigo la kuchelewa hakuliacha, na marehemu alizoea kulisubiri.

Ustadh alifariki tarehe 7 Februari 2012 kwa ugonjwa wa kifua. Marehemu alifika Shujabad akazuiwa mlangoni na shemeji za Ustadh, waliomwambia, "Mjane tunaye ndani, wewe umekuja kumlilia nani?" akasimama barabarani hadi jeneza likapita, kisha akarudi nyumbani, akavunja bangili zake na kuvaa nyeupe. Siku ya arobaini aliiweka dholak ya Ustadh katikati ya ua, akakataza isiguswe, akafunga njuga akacheza peke yake, na kila alipofika mahali ambapo Ustadh huchelewa, aliinua mguu akauacha juu, akangoja, watu wote wakangoja naye, kisha akaushusha. Mwaka uliofuata, alipoirudia, walikuja wajane wawili wa mtaani kutazama, baadaye wakaja akina mama waliofiwa na watoto, wanawake ambao mchana hawatusalimii, wakajaa hadi mlangoni wakilia kwa sauti, na mtaa ukaiita ngoma ya Kungoja.

Marehemu ameacha watoto wa nyumba wawili, Anmol na Rimsha, khwajasira aliowafundisha kazi, na binti wa kulea, Komal, aliyeacha shule darasa la saba ili kumuuguza, na ndiye aliyeandika maneno haya.

Alianza kuugua figo mwaka 2021. Hospitalini hawakujua wamlaze wodi ya wanaume au ya wanawake, akawekewa kitanda ukumbini, watu wakipita na ndoo zao, naye akawa anatuambia, "Afadhali hapa, nawaona wote wanavyotembea, hakuna hata mmoja anayejua kukanyaga." Wiki ya mwisho aliomba jambo moja tu, azikwe Lalwah, kando ya mama yake. Alifariki jana Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025, saa nane mchana.

Asubuhi ya leo Mzee Rab Nawaz alifika na sanda ya nguo tatu, akaikuta yetu ya nguo tano, akamwambia Anmol, "Wewe, sijui hata nikuiteje, mama yetu alizaa wanaume wawili, na kijiji hakitafungua kaburi kwa nguo tano. Kama hamtaki, mzikeni huku kwenu." Anmol akamjibu, "Niite mwanao, baba mkubwa, tumezoea kuitwa vibaya zaidi," kisha akaweka mkono juu ya miguu ya marehemu, akasema, "Alituambia mahali. Nguo hakututajia. Mpeleke kwa mama yake." Basi atazikwa kwa nguo tatu, kwa jina la Shah Nawaz, na sisi tutaishia kwenye daraja la Satlaj, maana hatukukaribishwa kuvuka. Nguo mbili zilizobaki, ushungi na kitambaa cha kifuani, Anmol na Rimsha wamezifunga vichwani, na ndizo watakazokalia eda ya guru wao.

Tunawashukuru madaktari, na hasa yule muuguzi aliyemtundikia shuka ukumbini ili asitirike, majirani mliotupikia tangu jana, wapiga ngoma mliovunja shughuli zenu, na Mzee Rab Nawaz pia, kwa kuja.

Pumzika, mama yetu, chini ya jina lolote watakaloandika juu yako.