Jiwe la Bibi Halipo

Kijiwe chetu cha Lubanzi kipo njia panda, ambapo ukungu ukiachia unaiona Morogoro mjini kule chini. Tuna benchi moja, birika la kahawa la Winfrida na midomo isiyojua likizo. Leo midomo ilibaki wazi tu. Jiwe la Bibi aliyeanzisha ukoo wetu, lililokaa juu ya chemchemi tangu kabla ya Wajerumani, halipo. Limebaki shimo! Na saa sita anakuja afisa ardhi kuamua chemchemi ni yetu au ya wenzetu wa ng'ambo ya mto. Ushahidi wetu wote ulikuwa lile jiwe.

— Mvua ya jana hiyo, alisema Winfrida. Limeporomokea korongoni.

— Mvua wapi! alidakia Abuu, tunayemwita Redio. Wajerumani walifukia dhahabu pale. Wajukuu zao wamekuja na winchi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba gani, na jiwe limeondoka lote kwa mara moja?

Huyo ni Mzee Severini, Ramani wetu, anayejua kila mpaka hadi Kinole.

— Ni wa ng'ambo, alisema. Wamelisukuma tukose ushahidi.

— Wale pikipiki tu inawashinda kusukuma, Mzee! alisema Redio. Jiwe limeondoka lenyewe. Bibi kachoka kuanikiwa masuruali.

Hapo akatokea dada mmoja, mabuti yamejaa tope.

— Shikamooni wazee. Naitwa Happiness, afisa ardhi. Nimewahi kidogo.

Tukamlilia kwa pamoja: jiwe hakuna, tumekwisha!

— Jiwe si lazima, wazee wangu. Huku ardhi mnarithi kwa mama. Nitajieni tu, huyo Bibi alikuwa anaitwa nani?

Jina la Mjerumani aliyepita hapa tunalijua, la padri wa kwanza tunalijua, hata la mbwa wa padri, Simba. La Bibi, hapana. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

— Alikuwa anaitwa… Bibi, alisema Redio.

Tukamgeukia Winfrida.

— Msinitazame mimi. Mimi nimeolewa tu hapa.

Happiness alifunga daftari polepole.

— Wa ng'ambo nimeanza nao asubuhi. Wao wamenitajia la bibi yao, na la mama yake.

Winfrida alilitikisa birika. Tupu. Mzee Severini aliweka kikombe chini.

— Miaka sitini nalima shamba la Bibi, alisema, na sijawahi kuuliza.